Sikukuu za Majira ya Kuchipua na Hesabu ya Mwezi

Kila mwaka, tangu Februari hata Mei, mambo ya dini hufuatana kwa wingi: Kwaresima na Pasaka za Wakristo, na katika miaka hii mfungo wa Ramadhani na Idi za Waislamu, na Pasaka ya Wayahudi, na sikukuu za majirani wetu wenye asili ya Bara Hindi. Watu wengi huuliza: Mbona Krismasi haihami tarehe, na Pasaka yahama? Mbona Ramadhani ya utotoni mwetu ilikuwa wakati wa mvua, na sasa iko wakati wa jua kali? Mbona Wakristo wengine hushika Pasaka majuma kadhaa baada ya wenzao?

Maswali haya si ya udadisi mtupu. Mkuu wa kijiji aitishaye baraza, mwalimu apangaye mtihani, na wazee watengenezao siku ya kazi ya pamoja, wote huweza kuwaudhi majirani zao bila kukusudia, kwa kuwa hawakujua siku gani ni kuu kwa nani. Kwa hiyo twaona ni vema kueleza hesabu yenyewe, ambayo si ngumu kwa mtu atakayeifuata hatua kwa hatua.

Kwanza tutazame majira. Katika nchi za kaskazini mwa dunia miti mingi hupukutisha majani wakati wa baridi, na ifikapo Machi hurudi kuchipua. Tarehe 20 au 21 Machi mchana na usiku hukaribia kulingana duniani kote, na tangu hapo mchana wa kaskazini huzidi urefu. Sisi tukaao karibu na Ikweta hatuna majira hayo. Mchana wetu na usiku wetu hukaribia kulingana mwaka mzima, na katika miezi hiyo sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki huwa katika masika. Walakini Pasaka zote mbili zilianza katika nchi ya Yerusalemu, ambako ni wakati wa shayiri kuiva, na hesabu yake yafuata jua la huko. Ndiyo sababu mkulima wa kwetu huadhimisha sikukuu hiyo huku akipanda, hali wenzake wa kwanza waliiadhimisha karibu na kuvuna.

Sasa tuje kwenye hesabu. Mwaka wa jua una siku 365 na robo. Mwezi wa mbinguni, tangu kuandama hata kuandama tena, huchukua siku 29 na nusu. Basi miezi 12 ya namna hiyo ni siku 354. Tofauti ni siku kama 11. Siku hizo 11 ndizo asili ya mambo yote tutakayoyaeleza. Kuna watu wanaoziacha zipite, na kuna watu wanaozifidia, na kuna wengine wasioufuata mwezi kabisa.

Waislamu huziacha zipite. Mwaka wao hufuata mwezi peke yake, wala hawaongezi mwezi wa kuulinganisha na jua. Kwa sababu hiyo Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na huzunguka majira yote kwa muda wa miaka kama 33. Mwaka 2022 ilianza mwanzoni mwa Aprili. Mwaka 2027 yaanza yapata 8 Februari. Na mwaka 2030 huanza mara mbili katika mwaka mmoja wa jua, yaani mwanzoni mwa Januari, na tena mwishoni mwa Desemba. Twasema “yapata” kwa kuwa tarehe hutimia kwa kuonekana mwezi. Katika Kenya watu wengi husikiliza tangazo la Kadhi Mkuu, na katika Tanzania la Mufti. Tena hutokea watu wa mji mmoja kufungua siku mbili mbalimbali, kwa kuwa wengine hufuata mwezi ulioonekana kwao, na wengine hufuata ulioonekana nchi nyingine.

Wayahudi huzifidia siku zile. Miezi yao pia ni ya mwezi mwandamo, lakini katika kila miaka 19 huongeza miezi 7, ili Pasaka yao isitoke katika majira yake. Hushikwa wakati wa mwezi mpevu, katika mwezi wao uitwao Nisani, na huanza jioni, kwa karamu ya nyumbani ambapo watoto huhadithiwa jinsi baba zao walivyotoka Misri. Katika siku zote za Pasaka hawali mkate wala kitu chochote chenye chachu.

Pasaka ya Wakristo yatokana na hiyo, kwa kuwa kusulubiwa kwa Yesu kulikuwa wakati wa Pasaka ya Wayahudi. Hapo kale Wakristo hawakupatana juu ya siku yake. Katika mwaka 325 maaskofu walikutana katika mji wa Nikea, ambao leo uko katika nchi ya Uturuki na huitwa İznik, wakaamua kwamba wote waishike siku moja. Kanuni iliyokuja kukubaliwa ni hii: Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza ulio katika tarehe 21 Machi au baada yake. Mwezi huo hauangaliwi kwa macho, bali huhesabiwa kwa jedwali. Kwa hiyo Pasaka haiwezi kutangulia tarehe 22 Machi, wala kupita tarehe 25 Aprili. Na aijuaye Pasaka amezijua siku nyingine pia: Jumatano ya Majivu huitangulia kwa siku 46, ambazo ndizo siku 40 za mfungo pamoja na Jumapili 6 zisizohesabiwa, Ijumaa Kuu ni siku mbili kabla yake, na Pentekoste ni Jumapili ya saba baada yake.

Msomaji atauliza, ikiwa kanuni ni moja, mbona Wakristo wa Orthodoksi huwa na siku yao? Sababu ni kalenda. Kalenda ya zamani, iliyowekwa na Julius Caesar, ilikuwa na kosa dogo la kuuzidisha mwaka kwa dakika kama 11, na kosa hilo lilikusanyika karne kwa karne. Katika mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 aliisahihisha kwa kuondoa siku 10. Watu walilala tarehe 4 Oktoba wakaamka tarehe 15. Uingereza ilikawia hata mwaka 1752, nayo ikapasika kuondoa siku 11. Orthodoksi walio wengi waliendelea kuhesabu Pasaka kwa kalenda ya zamani, na kwao 21 Machi ni tarehe 3 Aprili ya kalenda yetu. Jambo hili halituhusu kwa mbali tu, kwa maana wako Orthodoksi Kenya na Uganda, na katika nchi jirani ya Ethiopia wako mamilioni.

Wako pia wasioufuata mwezi. Masingasinga huadhimisha Vaisakhi tarehe 13 au 14 Aprili kila mwaka, kwa hesabu ya jua, wakikumbuka jinsi Guru Gobind Singh alivyoiweka jamaa ya Khalsa mwaka 1699. Wahindu katika sikukuu ya Holi hufuata mwezi mpevu, nao kama Wayahudi huongeza mwezi mara kwa mara ili wasiyaache majira.

Ili jambo lieleweke, tuchukue mwaka 2027 uwe mfano. Ramadhani yaanza yapata Jumatatu, 8 Februari, na Jumatano ya Majivu ni 10 Februari. Basi Waislamu na Wakristo huingia katika mfungo juma moja. Lakini hutoka mbalimbali. Idi yaangukia yapata Jumatano, 10 Machi. Mwezi mpevu ni Jumatatu, 22 Machi, siku moja tu baada ya mpaka wa kanuni. Kwa hiyo Pasaka ya Wakristo wengi ni Jumapili ya 28 Machi, nayo ni mapema sana. Holi hushikwa karibu na mwezi mpevu huo huo. Wayahudi, kwa kuwa mwaka wao huo una mwezi wa kuongezwa, hungojea mwezi mpevu wa pili, na Pasaka yao yaanza jioni ya 21 Aprili. Orthodoksi, ambao kwao tarehe 22 Machi haijafika mpaka, hungojea vile vile, na Pasaka yao ni 2 Mei. Kisha Idi ya kuchinja huja yapata 16 Mei. Msomaji ataona kwamba hapana fujo yoyote katika mambo haya. Kila jamaa hufuata kanuni yake kwa uaminifu.

Pengine hesabu hizo hukutana. Siku ya 15 Aprili 2022 ilikuwa Ijumaa Kuu, na jioni yake Wayahudi walianza Pasaka, na Waislamu walikuwa katikati ya Ramadhani. Pasaka ya Wakristo ilikuwa ndani ya Ramadhani mwaka 2022, na 2023, na 2024. Na kabla ya hapo mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1991. Tena katika mwaka 2025, uliotimiza miaka 1700 tangu mkutano wa Nikea, Wakristo wa magharibi na Orthodoksi waliadhimisha Pasaka siku moja, yaani 20 Aprili.

Katika nchi nyingi majira haya yamekuwa wakati wa kukaribishana. Katika miji ya Uingereza Wakristo wa madhehebu mbalimbali hutembea pamoja njiani siku ya Ijumaa Kuu, wakitanguliwa na msalaba. Katika London, tangu mwaka 2013, vijana wa Kiislamu wamekuwa wakiandaa futari za wazi, na mtu wa dini yoyote hukaribishwa aketi na kula. Nako Kenya, katika njia ya Nairobi kwenda Mombasa, hekalu la Masingasinga la Makindu huwapa wasafiri chakula bila malipo, wala hawaulizwi dini yao. Mambo haya hayachanganyi imani za watu. Kila mmoja hurudi kwake na imani yake, ila amemjua jirani yake kwa uso na kwa jina.

Sasa twatoa shauri kwa wale walio na madaraka ya kupanga siku. Katika mwezi wa Desemba mwalimu awaite padre au mchungaji, na shehe, na wazee wa jamaa nyingine zilizopo, waandike pamoja siku kuu za mwaka ujao katika karatasi moja, ibandikwe ukutani pa shule na penye baraza. Siku za Waislamu ziandikwe “yapata,” na siku moja ya mbele na moja ya nyuma ziachwe wazi. Tuseme wazee wameweka kazi ya kufyeka barabara Jumatano ya 10 Machi 2027, na atakayekosa alipe faini. Nusu ya kijiji watakuwa katika sala ya Idi, na nusu watashika majembe kwa hasira. Ugomvi utakaozaliwa siku hiyo hautakwisha kwa barabara kufyekwa. Karatasi moja ukutani ingaliuzuia.

Katika mwezi wa mfungo mwalimu asiwalazimishe watoto wafungao kukimbia mchana kutwa, wala asiwacheke wasiofunga. Mikutano ya jioni imalizike kabla ya magharibi, ili watu wawahi futari. Ijumaa Kuu ni siku ya huzuni kwa Wakristo. Atakaye kupiga ngoma ya arusi aitafutie siku nyingine.

Amkaribishaye mtu wa dini nyingine na aulize kwanza juu ya chakula. Mwislamu atataka kujua nani aliyechinja. Wahindu wengi hawali ng’ombe. Orthodoksi aliye katika mfungo huacha nyama na maziwa na mayai. Kuuliza si ujinga, na kwa mgeni ni heshima. Naye aalikwaye katika nyumba ya ibada afuate adabu za mahali: avue viatu msikitini, afunike kichwa katika hekalu la Masingasinga, asimame wenyeji wasimamapo. Hapasiwi kusali sala isiyo yake; kukaa kimya kwa heshima kwatosha.

Mwezi uonekanao juu ya msikiti ni ule ule uonekanao juu ya kanisa, na kila jamaa imeupokea kwa hesabu iliyorithi kwa wazee wake. Kijiji kinachojua hesabu ya kila nyumba kitaweza kupanga kazi yake, na mitihani yake, na mabaraza yake, pasipo mtu kuona kwamba amesahauliwa. Wasomaji wetu walio walimu wangefanya vema kuwapa wanafunzi wa madarasa ya juu hesabu hii ya mwaka 2027, kisha wawaambie wajitafutie wenyewe ya mwaka 2028. Mwezi mpevu wa kanuni ni Jumatatu, 10 Aprili. Na kwa kuwa umeangukia Jumatatu, Pasaka yangojea Jumapili inayofuata. Atakayepata tarehe 16 Aprili ameifahamu kanuni.