Ngazi Ndefu ya Dereva Robert Shwartzman

Wengi wenu mmekwisha kusikia redioni habari za mashindano ya magari yanayoitwa Formula 1. Husikika jina la mshindi, basi. Lakini je, madereva wale hutoka wapi? Hufundishwa na nani? Na wale wasiofika huko juu huishia wapi? Leo tutaeleza safari ya dereva mmoja, Robert Shwartzman. Yeye alikulia Urusi, akapanda ngazi karibu zote za chini, akashinda mara nyingi, lakini mlango wa juu haukumfungukia kama alivyotarajia.

Gari la kiti kimoja

Kwanza tuelewane juu ya gari lenyewe. Gari la kiti kimoja ni gari lililotengenezwa kwa mbio tu. Humo hukaa dereva peke yake. Halina paa wala milango, na magurudumu yake yote manne yako nje. Hulioni sokoni wala barabarani. Hukimbia kwenye njia maalumu inayozunguka na kurudi pale pale ilipoanzia. Madereva huzunguka mara nyingi, na anayemaliza mizunguko yote mbele ya wenzake ndiye mshindi.

Mashindano ya magari haya yamepangwa kama madarasa ya shule. Mtoto huanza na vigari vidogo vinavyoitwa karti. Akifika miaka 15 anaweza kuingia Formula 4, ambayo gari lake lina nguvu za farasi kama 160. Halafu huja Formula 3, gari la nguvu 380. Halafu Formula 2, gari la nguvu 620. Juu kabisa ndiyo Formula 1. Hebu linganisheni na trekta la kulimia, ambalo mara nyingi lina nguvu 50 au 70 tu!

Jambo moja la kukumbuka: katika Formula 3 na Formula 2 madereva wote hupewa magari ya aina moja na injini za aina moja. Kwa hiyo ukishindwa huwezi kusema eti mwenzako ana injini kubwa. Tofauti huletwa na dereva mwenyewe na mafundi wanaolitengeneza gari lake.

Mtoto wa St. Petersburg

Shwartzman alizaliwa tarehe 16 Septemba 1999 mjini Tel Aviv, Israeli, lakini alikulia Urusi katika mji wa St. Petersburg. Alianza kuendesha karti akiwa bado mtoto mdogo sana. Baba yake ndiye aliyemshika mkono. Alimtafutia fedha, alimtafutia timu, na alisafiri naye kutoka nchi hata nchi.

Kwa nini tunataja fedha? Kwa sababu mchezo huu ni ghali mno. Mpira wa miguu unataka uwanja na mpira. Lakini dereva wa Formula 2 huhitaji zaidi ya euro milioni moja kwa msimu mmoja tu. Fedha hizo huilipa timu, yaani mafundi, matairi, mafuta na usafiri. Mara nyingi si timu inayomlipa kijana, bali kijana ndiye anayeilipa timu. Asipokuwa na mzazi tajiri lazima apate mdhamini. Shwartzman alisaidiwa na mpango wa Kirusi uitwao SMP Racing, uliokuwa ukiwalea madereva vijana.

Kidato baada ya kidato

Mwaka 2015 Shwartzman alishika nafasi ya tatu katika Formula 4 ya Italia. Wa pili yake alikuwa kijana wa China, Guanyu Zhou. Likumbukeni jina hilo, tutalirudia. Mwaka 2017 akawa wa tatu katika mashindano ya Formula Renault ya Ulaya. Mwishoni mwa mwaka huo kampuni ya Ferrari ya Italia ilimchukua katika chuo chake cha madereva vijana.

Mapema mwaka 2018 alikwenda New Zealand, akatwaa ubingwa wa mashindano ya Toyota. Mwaka huo huo akawa wa tatu katika Formula 3 ya Ulaya akiwa na timu ya Prema ya Italia. Bingwa alikuwa Mick Schumacher wa Ujerumani, mtoto wa yule Michael Schumacher mashuhuri.

Mwaka 2019 ukawa mwaka wake. Formula 3 ya dunia ilikuwa na timu 10, kila timu magari matatu. Shwartzman akatwaa ubingwa, na aliukamilisha Sochi, nchini Urusi, mbele ya watu wa kwao. Alikuwa na miaka 20.

Mwaka wa msiba

Mwaka 2020 akapanda Formula 2. Ndipo ugonjwa wa korona ulipoingia duniani. Mbio zilisimama, na kabla hazijaanza tena baba yake akafariki kwa ugonjwa huo. Mtu aliyekuwa baba, mshauri na mtafuta fedha akaondoka siku moja. Mwezi Julai Shwartzman alishinda mbio kubwa huko Austria, na ushindi ule akautoa kwa kumkumbuka baba yake.

Mwaka ule alishinda mbio 4. Hakuna dereva mwingine aliyeshinda nyingi kiasi hicho. Lakini mwisho wa msimu alikuwa wa nne! Bingwa akawa Mick Schumacher, aliyeshinda mbio 2 tu. Imekuwaje?

Hapa tufanye hesabu kidogo. Ubingwa hauhesabiwi kwa ushindi, huhesabiwa kwa pointi. Katika mbio kubwa wa kwanza alipata pointi 25, wa pili 18, wa tatu 15, hivyo hivyo hadi wa kumi aliyepata 1. Sasa chukueni madereva wawili. Mmoja ashinda mara moja, mara ya pili asipate kitu: ana pointi 25. Mwingine awe wa pili mara zote mbili: 18 na 18 ni 36. Huyu hakushinda hata mara moja, lakini yuko mbele. Ndivyo ilivyokuwa. Schumacher alikuwa akivuna kidogo kidogo karibu kila wiki, na Shwartzman alikuwa akivuna sana leo, kesho akirudi mikono mitupu. Schumacher alimaliza na pointi 215, Shwartzman 177. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka 2021 alirudi, akawa wa pili nyuma ya Oscar Piastri wa Australia. Wa tatu alikuwa yule Zhou wa China.

Viti ni ishirini tu

Basi wasomaji mtasema, wa pili si ataingia Formula 1? Hapana. Wakati ule Formula 1 ilikuwa na timu 10, kila moja madereva wawili. Hivyo viti vilikuwa 20 duniani kote, na wenye viti hawatoki kila mwaka. Piastri mwenyewe, bingwa, alikaa mwaka mzima wa 2022 bila kiti. Zhou, aliyekuwa wa tatu, ndiye aliyepata, akawa Mchina wa kwanza katika Formula 1. Na mwaka mmoja kabla, Mrusi mwingine, Nikita Mazepin, aliyekuwa wa tano nyuma ya Shwartzman katika Formula 2, alipata kiti katika timu ya Haas. Timu hiyo ilidhaminiwa na kampuni ambayo baba yake Mazepin alikuwa na hisa kubwa ndani yake.

Hatusemi kwamba waliopata hawakujua kuendesha. Walijua sana. Tunasema tu kwamba katika mchezo huu ujuzi hupimwa kwa saa, lakini kiti hutolewa kwa ujuzi, fedha na bahati pamoja.

Vita na bendera

Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine kwa majeshi. Siku chache baadaye chama cha dunia cha mchezo wa magari kiliamua kwamba dereva wa Urusi ataruhusiwa kushindana bila bendera ya nchi yake tu. Haas ilimwondoa Mazepin kabla msimu haujaanza. Shwartzman alikuwa na nafasi ya kuwa dereva wa majaribio wa Ferrari. Akaamua kutumia leseni ya Israeli, nchi aliyozaliwa. Kwa leseni hiyo aliendesha gari la Ferrari la Formula 1 siku za mazoezi, kwanza huko Austin, Marekani, Oktoba 2022. Alikuwa akiendesha saa moja, halafu akimrudishia mwenyewe gari lake. Siku ya mbio yenyewe alisimama pembeni akitazama.

Alipofikia

Je, alikata tamaa? Hakukata. Mwaka 2024 alishinda mbio za saa sita za Austin katika gari la Ferrari, wakipokezana na Robert Kubica wa Poland na Yifei Ye wa China. Mei 2025 alikwenda Indianapolis, Marekani, kwenye mbio kubwa za maili 500, yaani kilomita kama 800. Siku ya kupanga nafasi aliwapita wote kwa mwendo wa karibu kilomita 375 kwa saa. Tangu mwaka 1983 hakuna mgeni aliyewahi kuanza mbio zile akiwa wa kwanza. Siku hiyo alipoulizwa juu ya vita, alisema anataka amani.

Lakini mbio zenyewe zilimwendea vibaya. Alipoingia kubadili matairi breki hazikumshika, akawagonga mafundi wake, na mbio zake zikaishia hapo. Ndivyo ulivyo mchezo huu.

Tujadiliane

Wanakisomo, mkikaa katika vikundi vyenu jaribuni maswali haya:

1. Dereva mmoja amepata pointi 25, 0 na 15. Mwingine amepata 18, 15 na 12. Nani yuko mbele, na kwa pointi ngapi?

2. Je, ni haki mwanamichezo kunyimwa bendera kwa ajili ya vita ambavyo hakuvianzisha yeye? Wanaokubali na wanaokataa waeleze sababu zao.

3. Katika kijiji chenu ni kazi au mafunzo gani ambayo kijana mwenye uwezo hukwama kwa kukosa ada tu? Mnaweza kufanya nini?

Swali la tatu ndilo kubwa. Msiliruke.