Nasibu si Ovyo: Uundaji wa Moduli ya Volti Nasibu

Sinthesaiza ya moduli ni ala ya muziki wa kielektroniki iliyoundwa kwa visehemu huru vinavyounganishwa kwa nyaya. Volti ndizo huiamuru: katika mfumo uliozoeleka, ongezeko la volti 1 hupandisha sauti kwa oktavu 1. Don Buchla wa Marekani aliipa moduli yake ya volti nasibu jina lenye maana ya Chanzo cha Mashaka. Makala haya yanafafanua jinsi fundi anavyoweza kujiundia moduli ya namna hiyo, na kubainisha kwamba nasibu si ovyo.

Hatua ya kwanza ni kuzalisha kelele. Transista ya aina ya NPN huunganishwa kinyume: umeme wa volti 12 huingizwa kwenye emita kupitia rizista kubwa, besi huunganishwa na waya wa sifuri, nayo kolekta huachwa bure. Umeme hupenya kati ya emita na besi kwa misukumo isiyotabirika. Kwa kuwa transista za aina moja hutofautiana, yafaa kujaribu kadhaa kabla ya kulehemu. Kelele hiyo, ambayo ni dhaifu, hukuzwa kwa amplifaya kama TL072.

Hata hivyo, kelele pekee haizai wimbo. Hatua ya pili ni kuchota na kushika, mithili ya mtu achotaye maji mtoni kwa kata: mto hautulii, lakini maji ya katani hutulia. Kila pigo la saa liingiapo, saketi ya LF398 huichota volti ya wakati huo na kuihifadhi katika kapasita hadi pigo lifuatalo. Kapasita ikivuja, sauti huteleza; ndiyo maana ile ya polipropilini hupendelewa.

Hatua ya tatu ni kuweka mipaka. Potenshomita ikiubana upeo uwe volti 1, noti zote hubaki ndani ya oktavu 1.

Kwa jumla, fundi hachagui noti; huchagua kasi ya kuchota na upana wa mipaka. Neno nasibu lina asili ya Kiarabu, ambamo huashiria fungu alilojaliwa mtu. Maana hiyo yaafiki kazi ya moduli hii: kelele haina kipimo, bali kila pigo hupewa fungu lake.