Kikulacho ki Nguoni Mwako

NI kawaida kumsikia mtu, hapa Mwembesongo mjini Morogoro kama ilivyo kwingineko, anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI akinena: "Nimekwisha pata nguvu, dawa za nini tena?" Usemi huo ni wa hatari. Tangu ugonjwa huu ubainike Kagera mwaka 1983, na Zanzibar mwaka 1986, sayansi imekwisha tambua kwa nini.

Karibu kila seli ya mwili ina jalada lake kuu, liitwalo DNA. Humo hutolewa nakala za maagizo, ziitwazo RNA. Zamani iliaminiwa kwamba agizo hutoka jaladani tu, wala nakala hairudi kuwa jalada. Mwaka 1970 Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja kwa upande wake, walithibitisha kuwa sivyo. Retrovirusi, ambavyo virusi vya UKIMWI ni miongoni mwao, huingia na RNA, huigeuza kuwa DNA, kisha huipachika katika jalada la seli. Ni mfano wa barua ya kughushi iliyotiwa katika faili la masijala: tangu hapo ofisi huitii kama agizo halali.

Kidonge cha kila siku kinachotumika sana nchini tangu mwaka 2019 kina dawa tatu. Mbili huzuia kugeuza, ya tatu huzuia kupachika. Lakini hakuna inayoweza kuitoa barua iliyokwisha ingia. Baadhi ya seli hulala nayo kwa miaka mingi. Mtu akiacha dawa, kwa kawaida virusi huibuka tena katika majuma machache.

Maarifa yanazidi kukua. Ilidhaniwa kwamba ganda la virusi hupasuka mara viingiapo katika seli. Tangu mwaka 2020 imeonekana kuwa hufika hadi kiini likiwa karibu zima. Ganda hilo ndilo linaloshambuliwa na lenakapaviri, sindano ya mara mbili kwa mwaka. Katika majaribio ya Uganda na Afrika Kusini, yaliyotangazwa mwaka 2024, kati ya wanawake 2,134 waliopewa sindano hiyo kama kinga, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa.

Basi kila mmoja na atimize wajibu wake. Mgonjwa asiache kidonge kwa kuwa amenenepa. Nao watumishi wa serikali, Bara na Visiwani, wahakikishe kwamba dawa hazikatiki katika zahanati hata siku moja, kwani adui huyu halali nje ya nyumba, amelala ndani.