Kisangani: Mamba mfupi wa msituni, watafiti wanamtafuta, soko linamuuza

Tshopo haina jangwa. Anayetafuta wanyama watambaao adimu karibu na Kisangani anaingia msituni usiku, na mabuti na tochi, akifuata vijito. Mmoja wa wanaotafutwa ni mamba mfupi, ambaye kwa kawaida havuki mita 2. Mchana anajificha ndani ya shimo kando ya maji. Usiku, macho yake yanang'aa mekundu yakipigwa na tochi.

Kati ya 1909 na 1915, Herbert Lang na James Chapin, waliotumwa na jumba la makumbusho la New York, walikusanya wanyama kaskazini mwa Kongo. Walipitia Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Mwaka 1919, Karl Schmidt alichunguza mamba wao kutoka Niapu, upande wa Uele, akatangaza kwamba ni aina mpya. Baadaye wataalamu wengine walimpinga: ni yule yule wa Afrika Magharibi. Lakini mwaka 2009, uchunguzi wa ADN ulionyesha kwamba mamba mfupi wa bonde la Kongo ni tofauti kweli.

Jambo hilo lina uzito. Kama ni aina moja, akiisha huku atabaki kwingine. Kama ni wa bonde la Kongo peke yake, akiisha huku ameisha duniani. Na jike hutaga mayai machache, mara nyingi kama 10 hivi.

Wawindaji wanamjua bila ADN. Kwa kuwa anavumilia siku nyingi bila kula, hufungwa mdomo na miguu, kisha husafirishwa akiwa hai mpaka sokoni. Mkataba wa CITES, ambao nchi ilijiunga nao mwaka 1976, unakataza kumfanyia biashara ya kimataifa. Ila nyama yake huliwa humu humu nchini, na kwa mwindaji ni pesa ya dawa na ya shule ya watoto.

Kwa hiyo utafutaji hauishii msituni. Kipande kidogo cha ngozi kutoka sokoni kinatosha kwa ADN, lakini hakisemi mnyama alitoka kijito gani. Anayejua ni mwindaji, na anayemfahamu mwindaji ni mama muuzaji. Bila hao wawili, ramani ya mamba huyu itabaki na mapengo, huku yeye akiishia chunguni.