Kompyuta Ikipanga Tiba, Nani Aikague?

Shangazi yangu, mkulima wa hapa Malakisi, alipoelezwa kwamba angepelekwa Eldoret kutibiwa saratani kwa mionzi, aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, wewe ni mwalimu wa hesabu. Hiyo kompyuta itakayonipimia miali ikikosea, nani atajua?" Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku hiyo, nami naona linatuhusu sote.

Tiba ya mionzi ni kazi ya vipimo. Mionzi ikipungua, saratani husalia. Ikizidi, huunguza matumbo, kibofu au uti wa mgongo. Ndiyo maana kabla ya mgonjwa kulazwa chini ya mashine, huandaliwa mpango unaoonyesha uvimbe ulipo, pembe ambazo miali itapitia, na muda wake. Kazi hiyo huhitaji daktari na mwanafizikia, na aghalabu huwachukua saa nyingi. Siku hizi zipo programu zinazouandaa mpango huo karibu wote zenyewe. Wataalamu wa kituo cha MD Anderson mjini Houston, Marekani, wameunda moja kwa ajili ya hospitali zenye uhaba wa wataalamu, na hospitali za namna hiyo ndizo nyingi kwetu.

Sina ugomvi na programu hizo. Kungoja nako huua. Mashine ya mionzi ya Mulago, Kampala, ilipoharibika mwaka 2016, majirani zetu wa Uganda hawakuwa na nyingine nchini mwao, na waliojaliwa walivuka mpaka kuja Nairobi. Chochote kitakachopunguza foleni ni cha kushukuriwa. Hata hivyo, shukrani isitufumbe macho.

Tuzingatie yaliyotokea nchini Panama. Katika taasisi ya taifa ya saratani, programu ya kupanga tiba ilikubali vikingio vinne tu vya kuzuia mionzi isifike kwenye viungo vizima. Madaktari walitaka cha tano. Mwaka 2000, wahudumu walibuni njia ya kuingiza vikingio vyote kana kwamba ni kimoja. Kompyuta ilipokea bila kutoa onyo lolote, kisha ikatoa muda wa tiba uliokaribia maradufu ya uliostahili. Wagonjwa 28 walipewa mionzi kupita kiasi. Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walipochunguza mwaka 2001, wanane walikuwa wamekwisha kufariki, na vifo vitano vilielekea kusababishwa na mionzi hiyo.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba hesabu fupi ya mkono ingalifichua kosa hilo. Hakuna aliyeifanya, kwa kuwa jibu lilitoka kwenye kompyuta.

Hapo ndipo nilipopata jibu la shangazi. Mpango wa kompyuta hauna budi kukaguliwa kwa njia isiyotegemea kompyuta hiyo: hesabu ya pili ifanywe kwa njia nyingine, daktari aitazame mipaka ya uvimbe kwa macho yake, mionzi ipimwe kwa chombo kabla ya mgonjwa kuguswa, au siku yake ya kwanza. Zaidi ya yote, awepo mtu mwenye muda na idhini ya kusema, "Simamisheni." Hatari yetu ni kwamba programu huletwa palipo na upungufu wa watu, na mkaguzi ndiye wa kwanza kuonekana hahitajiki. Akibaki wa kutia sahihi tu, hatukagui chochote. Mamlaka iliyoundwa kwa Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019 yafaa iuchunguze utaratibu huo kwa makini sawa na inavyochunguza mashine.

Walimu wenzangu, wakaguzi hao wa kesho wameketi madarasani mwetu leo. Mwanafunzi anayebonyeza kikokotoo na kunakili jibu bila kukadiria kwanza anajizoeza tabia ileile iliyowaangamiza wagonjwa wa Panama. Nimeanza kuwanyima alama wanafunzi wangu wasioandika makadirio kabla ya jibu. Wananung'unika. Nawajibu kwamba shangazi yangu atalala chini ya mashine, na nitapenda aliyeipima awe ameulizwa hivyo shuleni.