Land Rover Kwenye Meza ya Chakula

Kuna wanawake wanaolalamika kwamba waume zao wakitoka kazini hawaonekani mpaka saa sita usiku. Wangu anaonekana sana. Yupo pale pale sebuleni, kainamia meza ya chakula, taa ya kusomea inammulika utosini, mkononi kashika kibano chenye kioo cha gari kisichozidi ukubwa wa stempu. Ukimwita mara tatu anaitika mara moja. Mashosti zangu wa kitchen party wananiuliza kila tukikutana: shoga, huyo una mume nyumbani au una mpangaji mwenye gundi?

Mpenzi msomaji, mwezi huu nimeamua kulijibu swali hilo, maana najua wapo wengi wanaoishi na mtu mwenye hobi. Mwingine ana njiwa, mwingine ana redio mbovu kumi na moja chini ya kitanda. Wangu anaunda magari madogo.

Wala si midoli, na ukimwambia ni midoli ananuna. Unanunua boksi kutoka kampuni kama Tamiya ya Japani, Revell au Italeri ya Italia, na ndani unakuta vipande vya plastiki, mara nyingi zaidi ya mia, vimeshikana kwenye fremu kama mishikaki. Kipimo kinachopendwa zaidi kwa magari ni 1:24, yaani kila sentimita 24 za gari la kweli zinakuwa sentimita 1 mezani kwako. Waamerika wao wana mazoea ya 1:25.

Na sisi Waswahili tusijifanye wageni wa mambo haya. Nani hakuwahi kusukuma gari la waya, tairi za kandambili zilizochakaa, usukani mrefu wa kijiti? Tofauti ni kwamba hawa wenzetu wanapima kila kitu. Katikati ya miaka ya 1970, Tamiya walipotaka kutengeneza modeli ya Porsche 934, bosi wao, Shunsaku Tamiya, alinunua Porsche 911 nzima na wakaifumua ili waipime. Kuirudishia ndiyo ikawa kasheshe, ikabidi mafundi wa Porsche wenyewe waitwe kusaidia. Mzee huyo alifariki 2025 akiwa na miaka 90. Nilipomsimulia shosti mmoja alisema yeye angedai talaka siku hiyo hiyo!

Uvumilivu wa fundi

Kuna watu wanaodhani unabandika vipande, basi. Thubutu! Kwanza fremu nzima inaoshwa kwa maji na sabuni, kwa sababu plastiki inatoka kiwandani na mafuta mafuta yanayokataa rangi. Kila kipande kinakatwa kwa koleo dogo, alama za mkato zinapigwa msasa mpaka zipotee. Gundi yake haifanyi kama gundi ya karatasi. Inayeyusha plastiki pande zote mbili, zikikauka zinakuwa kitu kimoja, hivyo ukikosea ndiyo imetoka hiyo. Kwenye vioo usithubutu kutumia supagluu, mvuke wake unaacha ukungu mweupe usiofutika. Tumia ile gundi nyeupe ya shule ya mwanao.

Rangi ndiyo mtihani wetu wa Dar. Msimu wa masika, hewa ikiwa na unyevu, rangi ya kupuliza inafanya weupe kama imemwagiwa unga. Baba watoto amejifunza kungoja siku kavu, na anapuliza tabaka nyembamba nne au tano badala ya moja nzito. Mtu huyu huyu ambaye foleni ya Mwenge inamtoa povu.

Halafu inakuja ile sehemu anayoiita kunogesha. Nyaya za plagi anazitoa kwenye waya wa hedifoni zilizokufa. Mikanda ya viti ni utepe wa zawadi uliochanwa. Rangi ya kahawia iliyozimuliwa sana inapitishwa kwenye mifereji ya milango, ikikauka mlango unaonekana kama unafunguka kweli. Hata matope yana hesabu yake: ukichukua mchanga ulivyo, chembe ya robo milimita kwenye kipimo cha 1:24 inakuwa jiwe la milimita 6. Kwa hiyo vumbi linachekechwa kwa soksi ndefu za mwanamke. Soksi zangu, ndiyo.

Tulivyokubaliana

Sikai nikamtazama tu, jamani. Tulikaa chini tukapanga. Boksi jipya haliagizwi mpaka la zamani liishe, na hela inatoka kwenye posho yake ya mwezi, siyo kwenye ya ada. Ndugu akitoka nje anabeba boksi, tunaokoa gharama za kutuma. Meza inarudi kuwa ya chakula saa moja jioni. Rangi na gundi zinatumika kibarazani au madirisha yakiwa wazi, na nilipokuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili vilifungiwa kabisani miezi yote tisa. Harufu ile si ya kuchezea, haijalishi boksi limeandikwa nini.

Kuna wanandoa wanaodhani masharti yanaua raha. Kwetu yameiokoa. Ila sitadanganya kwamba ndiyo sababu ya mimi kuacha kulalamika. Sababu ni Land Rover.

Baba mkwe wangu alikuwa dereva wa serikali mkoani Singida. Alifariki 2022. Mume wangu alizika, akarudi kazini Jumatatu, na kwa miezi kadhaa hakusema neno juu ya baba yake. Ukimwuliza, anajibu kwamba mzee aliipenda kazi kuliko familia, basi, tusiendelee. Mimi nikamwacha. Halafu siku moja akaagiza Land Rover 109.

Wasomaji wa mjini labda mnahitaji kukumbushwa. Ile 109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kama mita 2.77. Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985, na huko mikoani ndiyo ilikuwa sura ya serikali yenyewe. Kwenye 1:24 inatoka na urefu wa sentimita 18 na nusu hivi. Aliifanyia kazi karibu mwaka mzima, akaipaka kijani, akaichosha kwa vumbi jekundu, akaweka tairi la spea juu ya boneti kama picha ya kwenye boksi ilivyoonyesha.

Mama mkwe alipokuja kututembelea aliishika mkononi, akavaa miwani, akaizungusha.

"Mkwe, nani kaweka tairi hapa?"

"Mwanao, mama."

"Siyo yake hii. Ya baba yake tairi lilikaa nyuma, mlangoni. Alikuwa mfupi yule. Likikaa mbele haoni barabara. Na kiti chake kilikuwa na mto mwekundu, nilimshonea mimi."

Mume wangu aliweka kijiko chini. Alikuwa hajawahi kufikiria kwamba baba yake alikuwa mfupi. Kwake alikuwa mrefu siku zote.

Mama akaendelea, kwa vile alishaanza. Machi 1985, mvua inanyesha, uchungu umemshika usiku, na gari la serikali ni marufuku kulitumia kwa shughuli za nyumbani. Mzee alilitoa. Walikwama mara mbili, mara ya pili aliweka ule mto chini ya mgongo wa mkewe akashuka kuchimba kwa mikono. Mtoto alizaliwa asubuhi, salama. Wiki iliyofuata mzee akapewa barua ya onyo. Aliikunja akaiweka sandukuni na hakumwambia mtu. Tangu hapo, mama anasema, hakuchelewa kazini hata siku moja, wala hakuomba ruhusa, hata ya misiba, kwa sababu onyo la pili lingemwondoa.

Mtoto huyo alikuwa amekaa mbele yangu na wali unapoa.

Sijui kama mtaalamu wa saikolojia angeweza kumtoa mama maneno yale. Miaka 37 ya maswali ya kawaida, "mzee alikuwaje?", ilikuwa imemtoa majibu ya kawaida. Tairi lililokaa mahali pabaya ndilo lililomuudhi akasema. Na mume wangu, ambaye hazungumzi, usiku ule alimuuliza mama yake maswali mpaka saa saba: mpini wa mlango ulikuwa upande gani, kioo kipi kilikuwa na ufa, mzee akiendesha alikuwa anaimba au ananyamaza. (Alikuwa anapiga mluzi.) Yeye alisema anaulizia gari.

Wiki iliyofuata aliibomoa boneti. Matundu ya tairi akayaziba kwa poti, akapiga msasa, akapaka rangi upya. Tairi likahamia nyuma. Mto nilishona mimi, kitambaa cha leso nyekundu, chini ya sentimita mbili. Vidole viliniuma siku tatu, na niliomba nafasi ya kudumu mezani.

Sasa hivi Land Rover iko Singida, juu ya kabati la mama, na wajukuu wamekatazwa kuigusa. Sisi tuna Datsun 240Z ya Hasegawa, ile nyekundu yenye boneti nyeusi na namba 11, iliyoshinda Safari Rally ya 1971. Matope ni yangu, nilishasema, na tunabishana kama yawe ya mvua au yaliyokauka. Juzi mama kapiga simu. Jirani yake, naye dereva mstaafu, kaiona Land Rover, kakaa nayo kimya muda mrefu, halafu kauliza kama tunaweza kumtengenezea lori lake la Albion. Bado tunalitafuta boksi.