Jina la Marehemu katika Mbolezi

Mwanafunzi akiulizwa sifa za mbolezi hutaja toni ya huzuni na sifa za marehemu, kisha hunyamaza. Husahau kwamba mwombolezaji humwita marehemu kwa jina.

Tuzitazame sanamu za askari na mpagazi zilizoko Kenyatta Avenue, Nairobi. Zilisimamishwa miaka ya 1920 kuwakumbuka Waafrika waliohudumu katika Vita vya Kwanza vya Dunia. (Mtaa wa Kariokor ulipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi hao.) Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanaahidi kuwa anayeifia nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina lenyewe li wapi? Halipo hata moja. Na nchi hiyo wakati huo ilikuwa ya nani?

Aliyetunga maneno hayo ni Rudyard Kipling. Nasita kumwita mnafiki, kwa maana naye alikuwa mfiwa. Mwanawe John aliuawa Loos, Ufaransa, Septemba 1915, akiwa na umri wa miaka 18. Macho ya kijana yalikuwa mabovu. Baba ndiye aliyetumia ujuano wake ili aingizwe jeshini. Kipling alifariki mwaka 1936 bila kulijua kaburi la mwanawe. Alibakiwa na jina lisilo na mwili.

Niliwahi kuwataka wanafunzi wa kidato cha tatu wamtungie mbolezi mpagazi mmoja. Wengi walikwama kwenye mshororo wa kwanza, wasijue wamwite nani.